Intafesi ya kumiksi nyumbani: hela yako iende wapi?

Barua za muziki zimekuwa nyingi sana siku hizi na karibu zote zinarudi kwenye kitu kimoja, lile boksi dogo linalokaa kati ya kompyuta na spika, intafesi ya sauti, wengine mnaiita saundi kadi ya nje. Nimechukua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana aliyeuliza amegusa penyewe, hizo zingine nimezijibu kadiri zilivyohitaji.

SWALI: Habari mkuu. Mi natengeneza biti (midundo) na kumiksi nyimbo za washkaji chumbani kwangu. Sirekodi mtu, vokali naletewa kwenye faili zikiwa tayari. Sahivi nachomeka spika moja kwa moja kwenye jeki ya laptopu. Nataka intafesi ya kumiksi na mastaringi (kuumalizia wimbo kabla haujatoka) tu, lakini kila nikiuliza naambiwa habari za maiki na priampu mpaka nimechanganyikiwa. Niangalie nini hasa? Na je nikichukua ya bei kubwa miksi zangu zitakuwa nzuri zaidi?

JIBU: Salama ndugu yangu. Tuanze na jambo ambalo ukilishika hutadanganyika tena dukani. Wimbo ukishaumiksi ndani ya kompyuta ukabonyeza ekspoti, intafesi haihusiki hata chembe. Faili linapikwa na programu yako namba kwa namba, ukitaka chomoa kabisa intafesi uekspoti bila hiyo, faili litatoka lile lile. Kwahiyo haiongezi utamu kwenye wimbo. Kazi yake kwako ni kukuonyesha ukweli wa ulichofanya ili sikio lako liamue vizuri, ni kama kioo cha kunyolea, kikiwa na ukungu hakibadilishi sura yako lakini utajikata.

Sasa kwa sababu hiyo, nusu ya vitu vinavyosifiwa kwenye boksi la intafesi wewe huvihitaji. Priampu ni za kukuza sauti ya maiki, hurekodi, ziache. Ile volti 48 ni ya maiki za kondensa, iache. Letensi ndogo, yani sauti kuchelewa kidogo tu, inamsaidia anayeimba huku anajisikia kwenye hedifoni, wewe unayemiksi utapandisha bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kabla ya kukitoa) mpaka sampo 1024, yani vipimo vidogo 1024 vya sauti, ili kompyuta ipumue na plagini zako zote (programu ndogo za kuchezea sauti), hapo kwenye kilohezi 48, vipimo 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 21 za kuchelewa na hutaziona kabisa kwa sababu hakuna mtu anayepiga chombo muda huo. Wanaorekodi ndio wanahangaika na bafa ya 64 au 128. Hata mlango wa Thunderbolt, ule wa kasi kubwa, usikuumize kichwa: sauti ya stereo ya biti 24 kwenye kilohezi 48 inakula kama megabiti 2.3 kwa sekunde, wakati USB 2.0 ya siku zote ina uwezo wa megabiti 480. Barabara ni pana kuliko gari lako mara nyingi mno. Alafu kingine watu wanachanganya, USB-C ni umbo la plagi tu, haisemi chochote kuhusu ubora wa sauti.

Wewe macho yako yaende kwenye upande wa kutokea. Angalia kwanza kama matundu ya spika ni ya balansi, yani yanapokea jeki ile yenye mistari miwili myeusi (wanaiita TRS) au XLR ya pini tatu, sio zile RCA za redio. Kebo ya balansi inabeba sauti mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa, na ikifika kwenye spika uchafu uliodakwa njiani unajifuta wenyewe, kwahiyo hata waya ukipita karibu na chaja unakuwa salama. Kisha tafuta namba inayoitwa daynamiki renji ya matokeo, ni umbali kati ya uchafu wa chini na sauti kubwa kabisa, inaandikwa kwa desibeli. Biti 24 kwa hesabu zinafika desibeli 144 lakini hakuna konveta (sehemu inayogeuza namba kuwa sauti) ya nyumbani inayofika huko, ukiona 110 na kuendelea uko pazuri na 120 ni nzuri sana.

Kuna kitu kimoja hakiandikwi kwenye boksi na mimi kilinitesa, nobu ya volyumu. Miaka ile nilikuwa namiksi usiku, watu wamelala, nobu nimeifungua kidogo tu, ile alama imesogea kama ya mshale wa saa mbili asubuhi. Nilimiksi wimbo wa dada mmoja, vokali nikaiona kama imekaa kushoto kidogo, nikaisukuma kulia mpaka nikaridhika, nikaekspoti nikalala kwa amani. Asubuhi nikaupiga kwenye gari ya rafiki yangu, vokali inaimba upande wa kulia. Nikarudi nyumbani nikaweka sauti ya mono nikaanza kuzungusha ile nobu taratibu huku nimefumba macho, na hapo ndo nikasikia mwenyewe: ikiwa chini kabisa spika ya kushoto inawahi, ukizidi kuifungua sauti inatembea kutoka kushoto inakuja katikati, ikifika kwenye saa tano imetulia. Nobu nyingi za bei ya chini ziko hivyo, njia mbili za ndani hazipandi sawa mwanzoni. Tiba yake haina gharama, nenda nyuma ya spika zako punguza volyumu ya huko, ili nobu ya intafesi ikae katikati hata ukisikiliza kwa sauti ndogo. Ukienda kununua na ukaruhusiwa kujaribu fanya jaribio hilo hilo, dakika moja inatosha.

Cha mwisho kwenye kuchagua ni draiva, programu inayoiunganisha intafesi na kompyuta, na hapa mi ni mkali. Kwenye Windows unataka draiva ya ASIO iliyoandikwa na kampuni iliyotengeneza intafesi yenyewe, ASIO ni mfumo wa Steinberg na karibu programu zote za muziki zinauelewa. ASIO4ALL, ile draiva ya jumla isiyo ya kampuni yako, ni ya kuokolea jahazi, sio ya kuishi nayo. Kwenye Mac kuna Core Audio, mfumo wa sauti wa Mac yenyewe, tayari, intafesi nyingi unachomeka tu. Kabla hujalipa ingia kwenye tovuti ya kampuni uone draiva ya mwisho ilitoka lini, na bidhaa zao za miaka kumi nyuma kama bado zinahudumiwa. Niliwahi kuwa na intafesi nzima kabisa, taa zinawaka, haina hata mkwaruzo, kompyuta ikasasisha mfumo na kampuni haikutoa draiva mpya, ikabaki ya kuzuia karatasi zisipeperuke.

Majina sasa maana najua unayasubiri. Focusrite Scarlett 2i2, Audient iD14, SSL 2, MOTU M2, yoyote kati ya hizi inatosha kumiksi na kufanya mastaringi ya kompyuta, na tofauti ya sauti kati yao ni ndogo mno kuliko watu wanavyobishana. Namba kwenye jina la Scarlett zinakusaidia, 2i2 ni mbili za kuingia mbili za kutoka, 18i20 ni kumi na nane na ishirini. Ningekuwa wewe ningeelekea MOTU M2, matokeo yake yametajwa kuwa na desibeli 120 na ina kiskrini kidogo mbele kinachoonyesha mita, unaona kwa jicho sauti inaingia na kutoka kiasi gani. Ukiwa na uwezo mkubwa na unataka kitu cha kukaa nacho miaka mingi, RME Babyface Pro, Wajerumani wale draiva zao wanazitunza hata kwa mashine za zamani. Apollo za Universal Audio ni nzuri lakini sehemu ya hela unayolipa ni ya chipu za ndani zinazoendesha plagini zao, na faida yake kubwa ni wakati wa kurekodi.

Sasa swali lako la pili, kama ya bei kubwa itakuza miksi. Ndugu yangu, ukitoka kwenye jeki ya laptopu ukaja kwenye yoyote kati ya hizo utasikia tofauti, ule mchemko wa nyuma unaondoka na jeki ya spika inakaa vizuri. Lakini ukitoka kwenye ya kawaida kwenda ya bei mara tano, chumba chako kitakumezea faida yote. Piga hesabu hii: mwendo wa sauti hewani ni kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha mita 3 kinatoa hezi 57. Hapo besi inarundikana kwenye kuta na inatoweka katikati ya chumba, na inaweza kutofautiana desibeli kumi na zaidi ukisogeza kiti tu. Kiki yako na besi gita vinaishi humo humo! Hakuna konveta duniani itakayokurekebishia hilo. Kwahiyo chukua intafesi ya kawaida, hela inayobaki nunua pamba ya mwamba (rockwool), ifunge kwa kitambaa upate panel nene za sentimita 10 au zaidi, weka kwenye kona na pale sauti inapogonga ukuta wa pembeni kabla haijakufikia, spika na kichwa chako vitengeneze pembetatu yenye pande sawa. Ukifanya hayo ndo utaanza kusikia makosa ambayo yamekuwepo muda wote. Inauma kidogo siku ya kwanza lakini ni uchungu mzuri.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada namiksi nyimbo za kwaya yetu, naishi na watoto wadogo kwahiyo spika hapana, ni hedifoni tu. Nina Sennheiser HD 600. Kwenye laptopu sauti ni ndogo na besi imelegea. Intafesi itasaidia, au ninunue ampu ya hedifoni peke yake?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera kwa kazi, kwaya ni muziki mgumu kumiksi maana sauti zote nne zinagombania eneo moja.

HD 600 ni hedifoni za ohmu 300, zinataka volti za kutosha na jeki ya laptopu nyingi haina. Intafesi itasaidia ila sio zote, kwenye zile ndogo zinazokula umeme wa USB ndio unakuta nobu imefika mwisho na bado unatamani kidogo. Ukienda kujaribu beba hedifoni zako mwenyewe na wimbo wenu wenye sehemu za kunong'ona na sehemu za kupaza, ukiona unazifungua mpaka robo tatu na zimetosha, chukua. Ukifika mwisho hazijatosha, mwambie muuzaji akuletee nyingine.

Kuna namba nyingine, impidansi ya jeki ya hedifoni, yani ukinzani wake wa umeme kwa ohmu. Kawaida watu wanataka isizidi moja ya nane ya ohmu za hedifoni. Wewe mwenye 300 una nafasi mpaka kama 37, kwahiyo huna shida karibu popote. Mwenye hedifoni za ohmu 32 ndo anatakiwa awe makini, jeki yake isizidi 4, na kuna intafesi zenye ohmu makumi kadhaa hapo, zinaweza kubadilisha besi ya hedifoni za aina hiyo bila mtu kujua kwanini.

Ampu ya peke yake inunue baadaye ikibidi tu. Na tafadhali dada, sikiliza kwa sauti ya chini ya wastani na pumzika kila saa. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio letu linasikia besi kidogo sauti ikiwa chini, kwahiyo ukihama hama na volyumu, jana juu leo chini, utakuwa unaongeza na kupunguza besi ya wimbo kumbe ni sikio linabadilika. Weka alama ya kalamu kwenye nobu, mahali pamoja, miksi zote pale.

SWALI: Oya mkuu nimeona intafesi ina kilohezi 192, yangu mwisho 96. Nibadilishe?

JIBU: Hapana, kaa nayo. Sampo reti, idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde, inabeba masafa mpaka nusu yake, kilohezi 44.1 inafika 22.05 na sikio la binadamu mwenye afya linaishia kama 20, tena ukiwa mtu mzima linaishia chini ya hapo. CD ilikuja na 44.1 mwaka 1982 na muziki umetosha humo. Kwenye 192 faili linakuwa mara nne ya 48, prosesa inachoka, plagini zinaanza kukatika katika. Miksi kwa sampo reti uliyoletewa, kama mteja ana video tumia 48, mchezo umeisha. Kitu ambacho usikikwepe ni biti 24, hizo zinakupa nafasi ya kurekodi na kumiksi bila kusukuma sauti mpaka kwenye nyekundu, biti 16 zina desibeli 96 tu na ukianza kupandisha vitu utakutana na uchafu wa chini.

SWALI: Kaka, nyimbo zangu zikiwekwa karibu na za wasanii wakubwa zinasikika ndogo. Kuna mtu kaniambia ni intafesi yangu ya bei rahisi ndo inabana sauti. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na huyo aliyekuambia naona hajawahi kuekspoti wimbo bila intafesi akaona. Ukubwa wa sauti ya wimbo unatoka kwenye mpangilio, miksi, kompresa (inayopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) na limita ya mwisho (inayozuia vilele visipite). Weka mita ya LUFS kwenye masta (njia ya mwisho inakopita sauti yote), ni kipimo kinachosoma ukubwa kama sikio linavyousikia na mita za bure zipo nyingi. Alafu pakia wimbo wa msanii unayemkubali kwenye programu ile ile uupime. Spotify kwa kawaida wanazilinganisha nyimbo kwenye LUFS hasi 14, ukipeleka iliyosukumwa sana wanaishusha, kwahiyo mbio za kusukuma tu hazikupi ushindi pale. Acha kilele cha kweli (true peak kwenye mita) kisizidi desibeli hasi 1, maana wimbo ukigeuzwa kuwa MP3 au mfano wake, vilele vinaruka kidogo kupita vilipokuwa.

Mara nyingi nikipokea wimbo unaosikika mdogo nakuta kiki na besi vimejaa masafa ya chini ambayo spika za mwenye wimbo hazikumuonyesha, limita inazikamata hizo kwanza na vokali inabanwa bila kosa. Punguza huko chini desibeli mbili tatu alafu rudi kwenye limita, utashangaa wimbo unavyofunguka. Na ukilinganisha na wimbo wa mkubwa shusha ule wake mpaka usikike sawa na wako, kwa sababu chenye sauti kubwa sikio linakiona kitamu hata kama sio.

SWALI: Nimenunua intafesi mpya na spika za monita. Kuna muungurumo na mlio mwembamba kama wa mbu, nikisogeza mausi unabadilika! Nimeambiwa nikate pini ya athi kwenye plagi. Nisaidie.

JIBU: Pini ya athi usiiguse! Hiyo ipo ili umeme ukivuja uende ardhini usipitie kwenye mkono wako, na hakuna muziki unaostahili hatari hiyo. Aliyekushauri alisikia mlio umenyamaza akadhani kapona.

Unachokisikia ni mzunguko wa athi, kompyuta na spika zimeunganishwa ardhini kwa njia mbili, ya plagi za ukutani na ya waya wa sauti, na uchafu wa kompyuta unasafiri humo, ndo maana mausi inausogeza. Ule muungurumo mzito ni wa umeme wenyewe, hezi 50 au 60 kutegemea na mlipo, na mwembamba ni wa kompyuta. Fanya hivi kwa mpangilio. Chomoa chaja ya laptopu iende kwa betri, mlio ukifa ujue njia ni hiyo. Rudisha chaja, kisha hamishia spika zote mbili na chaja kwenye ekstensheni moja inayotoka kwenye soketi moja. Kama bado, angalia kebo zako za spika. Nina wasiwasi mkubwa na hapo, kwa sababu watu wengi wananunua intafesi yenye matundu ya balansi alafu wanaiunga kwa kebo ya gita yenye mstari mmoja mweusi kwenye jeki, inaingia vizuri na sauti inatoka ila balansi imekufa. Ichomoe uitazame ncha yake, unataka mistari miwili, na upande wa spika ziingie kwenye tundu la balansi, sio RCA.

Ikiwa umefanya yote matatu na mbu bado analia, kuna kijisanduku kinaitwa aisoleta chenye transfoma ndani, kinakaa kati ya intafesi na spika. Kile cha bei ya chini kabisa kinakula besi, chukua cha wastani. Ila jaribu kebo kwanza, alafu niandikie uniambie ulikuta mstari mmoja au miwili.